Wekundu wa Kamba Haupakwi, Umo Ndani Tangu Baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limemletea hasara na aibu mama mmoja, jirani yangu hapa Uyole, na ambalo, kwa ninavyosikia sokoni na ndani ya daladala, linaaminiwa na watu wengi wa huku kwetu, nalo ni kwamba kamba wa baharini wakipikwa wakawa wekundu, basi mpishi amewatia rangi. Nimefundisha baiolojia na kemia katika shule za sekondari za Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na naona si haki kunyamaza wakati maelezo yapo, tena ni maelezo ambayo mtu yeyote mwenye jiko, sufuria na ndimu moja anaweza kuyahakikisha kwa macho yake mwenyewe.

Jirani yangu huyo anaishi kwa kupika kwenye shughuli za watu: harusi, ubarikio, kipaimara. Miezi michache iliyopita familia moja ilimwomba, mbali na pilau, ndizi na nyama, aongeze kamba, kwa kuwa walitaka sherehe ya mtoto wao iwe na chakula ambacho majirani hawajazoea kukiona. Kamba wakaagizwa Dar es Salaam, wakasafiri kwa basi ndani ya boksi la barafu, na alipowapokea stendi walikuwa bado wamegandana. Mzee mmoja wa familia ile alikuwepo boksi lilipofunguliwa, akawaona walivyo: wa kijivu, wenye mistari myeusi mgongoni, wanaopitisha mwanga kidogo kama ukucha. Mchana sahani ilipopita mbele yake aliona kamba wekundu kama pilipili iliyoiva, akauliza, kwa sauti iliyosikika meza zote, ni nani aliyewapaka. Mtu mwingine akaenda jikoni akarudi na karai la kukaangia ambalo mafuta yake yalikuwa yamegeuka rangi ya machungwa, na hilo likawa ushahidi. Haukupita muda mgeni mmoja akaanza kuvimba midomo na kujikuna shingo. Kuanzia hapo hakuna aliyetaka kumsikiliza mpishi. Sahani zilirudi zimejaa, na baki la malipo yake likazuiwa.

Kesho yake alikuja kwangu na mfuko mdogo mkononi. “Shikamoo Mwalimu,” akasema, “hawa walibaki wabichi. Wapike wewe mwenyewe, mimi nitakaa hapa mlangoni, halafu uniambie hiyo rangi nimeitoa wapi.” Tukainjika sufuria ya maji matupu, yasiyo na chumvi wala kiungo chochote, na wajukuu wangu wakasogea kutazama. Nilimshika kamba mmoja kwa mkia, nikamzamisha nusu tu katika maji yanayochemka, kichwa kikiwa chini. Sharubu na miguu, kwa kuwa ni vyembamba, viligeuka kwanza, hata sijahesabu hadi kumi. Kisha wekundu ukatapakaa kichwani na kupanda pingili moja hadi nyingine, ukakoma mahali maji yalipokoma. Nilipomtoa alikuwa na rangi mbili, nusu nyekundu na nusu ya kijivu, kama mtu aliyevuka mto uliomfika kiunoni. Mjukuu wangu mmoja akadai kwamba rangi imetoka kwenye maji. Nikayamimina maji yale katika glasi nyeupe nikampa ashike mwenyewe: yalikuwa na ukungu mwepesi, lakini wekundu hayakuwa nao.

Rangi ile, Mhariri, ilikuwamo ndani ya gamba tangu kamba huyo alipokuwa hai. Inaitwa astazantini, na ni ya ukoo wa karotenoidi, ukoo uleule wa rangi zinazotia manjano na wekundu katika karoti, boga, embe, viazi lishe na mafuta ya mawese yanayokamuliwa Kyela. Katika mnyama aliye hai astazantini haikai peke yake. Imekumbatiwa na protini iitwayo krustasianini, na kule kukumbatiwa ndiko kunakoibadili sura. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na kitu huonekana kwa rangi zile ambazo hakikuzimeza. Astazantini iliyo huru humeza zaidi mwanga wa samawati na kijani, wenye urefu wa mawimbi unaokaribia nanometa 480, na kinachobaki kutufikia machoni ni wekundu wenye kuelekea rangi ya machungwa. Ikishikwa na krustasianini ya kamba mkubwa wa bahari za Ulaya, ambaye ndiye aliyechunguzwa kuliko wote, humeza mwanga wa upande mwingine kabisa, karibu na nanometa 632, ambao ni wa rangi ya machungwa inayoelekea nyekundu, na kinachobaki ni samawati iliyokoza. Samawati hiyo ikichanganyika na rangi nyingine za manjano na nyekundu zilizomo katika tabaka za gamba, tunapata ule ukijivu, ukahawia au ukijani wa kamba na kaa walio wabichi, ambao huwafaa sana kujificha kati ya matope na mawe wasionekane na samaki wanaowawinda.

Sasa tuje kwenye moto. Protini ni uzi mrefu uliokunjwa kwa mpango maalumu, na kazi yake yote inategemea mkunjo huo. Joto huutikisa uzi hadi mkunjo ukafumuka. Kila mama aliyewahi kupasua yai kwenye kikaango ameona jambo hilo, kwa maana ute wa yai huwa maji maji unaoonyesha hadi chini, na dakika moja baadaye ni mweupe na mgumu, na hakuna namna ya kuurudisha ulivyokuwa. Krustasianini nayo hufumuka vivyo hivyo, na ikifumuka haiwezi tena kuishika astazantini. Astazantini yenyewe huvumilia joto la kupikia pasipo shida, kama ambavyo karoti hubaki na rangi yake ndani ya mchuzi. Kwa hiyo moto haukuongeza chochote katika sufuria ya jirani yangu. Umefungua tu kilichokuwa kimefungwa.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1938 mwanakemia wa Ujerumani Richard Kuhn pamoja na mwenzake Sörensen walieleza rangi hii baada ya kuitoa kwa kamba wa Ulaya, na tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka huohuo ilimwendea Kuhn kwa kazi zake juu ya karotenoidi na vitamini. Mwaka 1948 George Wald wa Marekani, ambaye baadaye alipata Nobel kwa kueleza jinsi jicho linavyoona, aliandika pamoja na wenzake juu ya ile protini ya samawati iliyomo katika gamba. Kisha ikapita zaidi ya nusu karne kabla ya kuonekana namna protini na rangi zinavyoshikana. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu ili kuipiga protini kwa eksirei na kusoma umbo lake lazima kwanza ikubali kuwa fuwele, na hii ilikataa kwa miaka mingi. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa Manchester na London nchini Uingereza lilifaulu, na picha waliyoipata ilionyesha protini mbili zilizobebana, zikiwa zimeziweka molekuli mbili za astazantini katikati yake na kuzinyoosha ziwe bapa kuliko zinavyokuwa zikiwa huru. Umbo kamili la krustasianini lina jozi nane za namna hiyo, yaani protini 16 na astazantini 16. Ni sehemu gani ya badiliko la rangi inatokana na kule kunyooshwa, na ni sehemu gani inatokana na umeme wa protini unaoizunguka au na rangi zenyewe kukaribiana, wanasayansi wanaendelea kujadiliana hadi leo. Hilo halipunguzi uhakika wa jambo ninalolitetea hapa, kwa sababu wote wanakubaliana kwamba rangi imo tangu mwanzo, na kwamba protini ikiharibiwa wekundu hujitokeza.

Mtu anaweza kuuliza kamba ameipata wapi rangi hiyo. Jibu ni kwamba ameila. Karibu wanyama wote hawawezi kujitengenezea karotenoidi. Kazi hiyo ni ya mimea, vijimea vidogo sana vya majini na baadhi ya viumbe wadogo kama kuvu na bakteria. Kamba hula vijimea hivyo au hula vijidudu vilivyokwisha kuvila, na mwilini mwake anaweza kuigeuza ile rangi ya manjano ya karoti kuwa astazantini. Heroe wanaolifanya Ziwa Natron lionekane la waridi wamepata rangi yao kwa njia hiyohiyo ya chakula, na wafugaji wa samaki aina ya salmoni huko ughaibuni huongeza astazantini katika chakula cha mabwawani ili nyama ya samaki iwe na rangi ambayo wateja wameizoea. Lipo jambo moja ambalo mimi binafsi naliona ni ushahidi mzito kuliko maneno yangu yote: mara chache sana wavuvi wa Atlantiki hupata kamba mweupe kabisa, aliyezaliwa bila rangi hizi katika gamba lake, na huyo akichemshwa hubaki mweupe. Kama ni moto ungekuwa unatengeneza wekundu, angegeuka naye.

Nirudi kwenye karai lililoletwa mezani kama kidhibiti, maana naona hapo ndipo jirani yangu alipohukumiwa. Mafuta yaliyokaangiwa kamba hugeuka rangi ya machungwa, na hilo ni kweli, nami nililiona jikoni kwangu nilipokaanga vichwa na magamba peke yake: mafuta ya alizeti yaliyokuwa meupe yalianza kupata rangi pembeni mwa kila gamba, kama vile gamba linatoa jasho, na baada ya kukoroga kidogo karai zima lilifanana na mawese yaliyochujwa. Astazantini haiyeyuki katika maji lakini huyeyuka katika mafuta, kama ilivyo kwa ndugu zake wote wa ukoo wa karoti; ndiyo maana mpishi akitia karoti katika mafuta ya moto, mchuzi wote huwa wa manjano, ilhali maji ya kuchemshia karoti hayapati rangi kiasi hicho. Rangi za chakula za unga zinazouzwa madukani, zile za kutilia keki na juisi, mara nyingi huwa kinyume chake, kwa kuwa zimetengenezwa ziyeyuke katika maji. Kamba aliyetiwa rangi ya namna hiyo ukimwosha kwa maji ya uvuguvugu atachuja, vidole vitabaki vyekundu, na nyama ya ndani itakuwa imenywa rangi bila mpango. Kamba aliyeiva kwa njia ya kawaida wekundu wake uko kwenye gamba na kwenye ngozi nyembamba iliyo juu ya nyama, katika mistari inayofuata pingili zake, na ukimkata katikati nyama ni nyeupe. Laiti mzee yule angemkata kamba mmoja kwa kisu palepale mezani, shauri lingeisha kabla wali haujapoa.

Wala si moto peke yake unaoweza kufumua protini. Nilichukua gamba bichi la kamba, nikalikata vipande viwili, kimoja nikakiweka katika kikombe cha maji baridi na kingine katika juisi ya ndimu. Baada ya muda wa kula mlo mmoja na kuondoa vyombo, kile cha kwenye ndimu kilikuwa kimepata waridi na kutoa vipovu vidogo, kwa kuwa gamba lina chokaa na asidi huila chokaa. Kile cha kwenye maji kilikuwa cha kijivu vilevile. Hapakuwa na jiko wala rangi. Walimu wenzangu waliowahi kutunza kaa au kamba ndani ya spiriti katika maabara za shule nao wanajua kwamba mnyama aliyetiwa chupani akiwa wa kahawia hugeuka kuwa mwekundu, na spiriti yenyewe ikaanza kupata rangi, na mwisho akapauka kabisa.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya kamba ni ya watu wa Pwani, sisi yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Uduvi mkavu unaouzwa kwa vipimo pamoja na dagaa una ule waridi kwa sababu hiyohiyo, kwamba kuchemshwa au kuanikwa juani kumeharibu protini na kuiacha rangi, na sijawahi kumsikia mtu akimshitaki muuza uduvi. Kaa nao tunao. Katika mito baridi ya Rungwe, chini ya mawe, wapo kaa wa maji baridi wenye rangi ya udongo mbichi, na pwani ya Ziwa Nyasa wapo pia. Mtoto yeyote aliyekulia kando ya mito hiyo na aliyewahi kumtupa kaa kwenye makaa anajua kwamba hatoki na rangi aliyoingia nayo. Nimewauliza wazee wawili wa Tukuyu, nao wakacheka kwa kunishangaa, kwamba mwalimu mzima nauliza jambo ambalo wao walilijua wakichunga ng’ombe. Ujuzi tunao, basi. Tumeshindwa tu kuuvusha kutoka kwa kaa wa mtoni hadi kwa kamba wa sherehe.

Hapa nataka kutoa tahadhari, na naomba isomwe kwa makini kuliko yote niliyoyaandika, kwa sababu kosa la pili ni baya kuliko la kwanza. Wekundu wa gamba si dalili kwamba nyama ya ndani imeiva. Mbeya mjini tuko karibu meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi, hivyo maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100 kama yanavyochemka Dar es Salaam. Ndiyo sababu maharage yetu hukaa jikoni muda mrefu na mkaa huisha. Lakini gamba la kamba halisubiri mchemko. Krustasianini huachia rangi katika joto lililo chini kabisa ya hapo, na kwa kuwa gamba liko nje, ndilo linalopata joto kwanza. Hivyo hapa kwetu kamba hugeuka mwekundu upesi kama anavyogeuka Pwani, huku nyama ya ndani, hasa ya kaa mnene, ikihitaji muda zaidi. Anayetaka kujua kama kamba ameiva aiangalie nyama: inapaswa kuwa imeacha kupitisha mwanga, imekuwa nyeupe hadi katikati, na imejikunja na kukaza. Kwa kaa wa mtoni jambo hili ni la afya kabisa, kwa kuwa katika sehemu za Afrika Magharibi na Asia kaa wa maji baridi wanaoliwa wabichi au nusu wabichi wamewaambukiza watu minyoo inayokaa katika mapafu, na mgonjwa hukohoa damu hadi akadhaniwa ana kifua kikuu. Wazazi wenye watoto wanaochoma kaa mtoni wawaambie wamwache kwenye makaa hata baada ya kuwa mwekundu.

Nimejiuliza kwa nini sisi wa huku tunashtuka kuona chakula kikiwa chekundu baada ya kupikwa. Naona ni kwa sababu tumelelewa na nyama ya ng’ombe na ya mbuzi, ambayo huingia sufuriani nyekundu na kutoka ya kahawia. Katika nyama hiyo wekundu unatokana na protini yenye madini ya chuma, na joto likiifumua wekundu hupotea. Tumezoea, basi, kwamba wekundu maana yake ni ubichi au damu. Kwa kamba mambo yamegeuzwa, kwa kuwa protini yake ndiyo inayoficha wekundu badala ya kuutengeneza. Na damu haiwezi kusingiziwa, kwa sababu damu ya kamba na kaa haina chuma cha aina hiyo. Inabeba hewa kwa protini yenye shaba, nayo haina rangi au ina usamawati hafifu. Pweza, ambaye pia hukoza wekundu akichemshwa, ana rangi za aina nyingine katika ngozi yake na tusimtie katika kesi hii, na chaza ambao hawana krustasianini hawageuki wekundu hata wachemshwe kutwa.

Kuhusu mgeni aliyevimba midomo, mimi si daktari wake na sikuwepo. Ninachojua ni kwamba kamba ni miongoni mwa vyakula vinavyoongoza duniani kwa kuwadhuru watu wenye mzio, na protini inayohusika zaidi, iliyomo katika misuli ya kamba, haiharibiwi na kuchemshwa kama inavyoharibiwa krustasianini. Mtu anaweza kula kamba walioiva vizuri, wasafi, wasiotiwa kitu chochote, akavimba. Kumwambia mtu huyo kwamba alidhuriwa na rangi ya mpishi ni kumhatarisha, kwa sababu safari ijayo atakula kamba wa mpishi mwingine anayemwamini, na mzio unaweza kumjia kwa nguvu zaidi hadi kuziba pumzi. Aende hospitali aeleze alichokula.

Wapo pia watu ambao hofu yao ya kutiwa dawa katika chakula ni ya kweli, nami siipuuzi, kwa sababu udanganyifu katika vyakula upo. Hao ningewashauri watazame mahali panapostahili kutazamwa. Kamba akishakufa, vimeng’enya vilivyomo mwilini mwake huanza kutengeneza madoa meusi kichwani na kwenye viungo vya magamba, na ili kuyazuia baadhi ya wavuvi na wenye viwanda huwachovya kamba katika dawa za jamii ya salfaiti. Dawa hizo zinaruhusiwa kwa kiasi maalumu, lakini zikizidi si nzuri, na zinaweza kuwaletea shida watu wenye pumu. Swali la haki kwa muuzaji, basi, ni kamba wamevuliwa lini, wamegandishwa wapi, na wametiwa nini kabla ya kufika kwetu; na pua imsaidie mnunuzi, maana kamba anayenuka kama mkojo amekwisha kuharibika, awe mwekundu au wa kijivu. Anayenunua wale waliogandishwa ambao tayari ni wekundu ajue pia kwamba hao walikwisha kuchemshwa kabla ya kugandishwa.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wa sayansi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kwamba watakapofundisha jinsi joto na asidi vinavyoharibu protini, wasiishie kwenye yai la kuku tu kama tulivyozoea, bali waombe gamba moja la kamba kwa mpishi, au kaa mmoja wa mtoni, na nusu ya ndimu. Somo litachukua kipindi kimoja na halitagharimu zaidi ya nauli ya daladala, na wanafunzi wale ndio watakaokaa kwenye meza za sherehe miaka kumi ijayo. La pili ni kwa familia iliyofanya sherehe ile, ambayo siitaji na sitaitaja. Mzee wao aliuliza swali zuri, kwa sababu aliona badiliko kwa macho yake na hakukubali kulipita. Kosa lilikuwa kulijibu kabla ya kuchunguza. Kamba wanne wabichi bado wapo katika friji langu. Nitafurahi kumpokea siku yoyote, tuinjike maji pamoja, ashike mwenyewe mkia wa kamba na kumzamisha nusu, na akisharidhika, mama wa watu alipwe baki lake.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya